Nilimzimisha mpwa wangu kwenye intavyuu

Simu ilikuwa ya saa moja usiku, maana huko kwao ndo ofisi zinafunguliwa, ila dogo alitia timu kwangu toka saa tisa mchana. Kwao Barakuda intaneti ni ya kubahatisha. Akaja na laptop ya kuazima, juu kavaa shati jeupe na tai, chini bukta ya mpira na ndala, tukamweka kwenye meza ya chakula na nyuma yake tukatundika shuka ili kabati la vyombo lisionekane. Mi na mama watoto tukahamia jikoni. Tukachomoa mpaka friji, maana friji letu likianza kunguruma utadhani kuna mtu anakoboa mahindi.

Ilikuwa intavyuu ya kazi, kampuni ya Marekani inatafuta watu wa kuhudumia wateja kwa mtandao, unafanyia kazi hapo hapo kwako unalipwa dola. Si mnajua vijana wanavyozitafuta hizo.

Nilikuwa nimeegemea mlango nasikiliza. Mama wa upande wa pili alikuwa na sauti ya upole, akamwambia hebu jieleze kidogo, dogo akaanza vizuri kabisa, jina lake, kazaliwa wapi, anapenda nini, afu akaitoa ile sentensi tuliyokuwa tumeikariri wote wawili wiki nzima.

"I passed out from university in 2021."

Kimya.

Kimya cha mtandao kukata nakijua. Hiki hakikuwa hicho.

Yule mama akamuuliza, kwa huruma ya kweli kabisa, kama sasa hivi anaendelea vizuri, na kama huwa inamtokea mara kwa mara. Na mpwa wangu, mtoto wa watu, aliyelelewa kwamba ukijuliwa hali unashukuru kwanza, akajibu niko vizuri sana asante, ilikuwa mara moja tu, na familia nzima ilikuwepo, mama yangu alilia kwa furaha na baba akachinja mbuzi wawili.

Mama watoto alijiziba mdomo na kanga. Yeye Kiingereza chake kimenizidi ila hana makuu.

Mi sikucheka.

Sentensi yenyewe ni yangu

Maana barua ya maombi ya dogo niliirekebisha mimi. Alikuja nayo ameandika "I graduated", neno safi tu, na mimi kwa ujuaji wangu nikalikata kwa kalamu nyekundu nikamwambia mjomba hilo neno kila mtu analo, weka hili, hili lina uzito. Nikamfundisha na jinsi ya kulitamka. Ndo hivyo, uzito ukapatikana.

Alipozima laptop akanigeukia.

"Anko, kwani pass out ni nini?"

Nikamwambia ni kuhitimu. Mama watoto akaropoka kutoka jikoni: "Na ni kuzimia." Dogo akakaa kwenye kiti kama dakika nzima anairudia ile intavyuu kichwani, nilimwona kabisa anavyofika pale kwenye mbuzi wawili.

Siku zile za mwanzo nilijitetea sana, sitaficha. Nikawa nasema huyo mama ndo hajui Kiingereza cha dunia nzima, Wamarekani wanajiona. Nikamwambia hivyo mke wangu, nikamwambia na jamaa yangu kijiweni. Ila usiku nikilala narudi pale pale, hivi lile neno nililitoa wapi, nani alinifundisha, na kwa nini kwa miaka thelathini na kitu hakuna mtu aliyewahi kunirekebisha?

Nimepasi!

Kabla sijapata jibu ikaja emaili.

Siku ya tano, niko kwenye daladala ya asubuhi, dogo anapiga simu anapiga kelele mpaka jirani yangu wa siti akanigeukia. "Anko, nimepasi! Nimepasi!" Nyuma yake nasikia vigelegele vya dada yangu. Nikamwambia nitumie niione. Akanifowadia. Fupi tu, wanamshukuru kwa muda wake, wamefurahi kumfahamu, afu kuna maneno haya: "we have decided to pass on your application".

Nimeisoma mara tatu. Nikatamani daladala ipate pancha.

Sasa wewe mweleze mtu. Kwa Kiswahili chetu cha mtaani kupasi ni kufaulu, basi, hakuna maana ya pili, labda uhesabu pasi ya mpira na ile "pasi ndefu" ya wanachuo, unakunywa chai ya saa nne halafu mlo mwingine ni usiku, huko katikati mpira unaelea tu hewani. Ila kupasi kwenye karatasi ni kushinda. Na kumbe Mwingereza akisema ana-pass kitu fulani akaweka na "on", anakuwa anakiacha kipite. Kama mtu wa karata ambaye zamu yake imefika hataki kutia dau, anasema pass, zamu inakwenda kwa mwingine. Wao wamemwacha apite.

Jioni nikaenda Barakuda mwenyewe, sikutaka kuyasema kwenye simu. Dada alikuwa ameshaloweka mchele wa pilau.

"Mjomba, hebu kaa kwanza."

"Mbona hivyo Anko, nani kafa?"

Nikamweleza. Akaichukua simu akaisoma tena ile emaili polepole, kidole kinatembea chini ya maneno kama mtoto wa darasa la kwanza, afu akaniangalia na swali ambalo mpaka leo linanikereketa kooni.

"Sa mtu anapasi, afu anakosa?"

Pilau tulikula hivyo hivyo. Dada yangu ni mlokole, yeye akachukulia kirahisi, akasema hata Waisraeli walipitwa na yule mharibifu usiku ule wa Kutoka 12 na ndo ilikuwa salama yao. Nikakumbuka Waingereza Pasaka ya Wayahudi wanaiita Passover, jina lililotungwa na William Tyndale kwenye karne ya 16 alipokuwa anatafsiri Biblia, kapita juu, basi. Hilo sikumwambia dada. Angeligeuza mahubiri na mi nilikuwa sijamaliza kula.

Aliyedondoka mstari wa pili

Lile neno nilikuja kukumbuka nililitoa wapi nikiwa naoga, kama kawaida ya mambo ya maana.

JKT, Jeshi la Kujenga Taifa.

Sisi ni wale wa mujibu wa sheria wa zamani, ukimaliza form six unakwenda upende usipende, kabla haijasitishwa 1994, vijana wa sasa wameirudia toka 2013. Nilimaliza form six 1991 nikapangiwa kambi ambayo sitaitaja, na kule ndo nilisikia hilo neno kwa mara ya kwanza maishani, kutoka kwa afande mmoja mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Kuruti nyie, alikuwa anasema, mtateseka mpaka pasing auti. Tulilitamka hivyo hivyo, pasing auti. Sikujua linaandikwaje. Nilijua tu kwamba lipo huko mbele, kwamba siku hiyo wazazi watakuja, tutavaa sare zilizopigwa pasi ikasimama kama bati, bendi itapiga, na baada ya hapo hakuna tena kukimbia mchakamchaka saa kumi za usiku.

Kwangu mimi neno hili limeingia na jasho. Halikutoka kitabuni.

Siku mbili kabla ya siku yenyewe tulikuwa kwenye mazoezi ya mwisho, tumesimama kiwanjani saa nzima na ushee, mkao wa mguu sawa, jua la saa sita, mgeni rasmi ni jiwe lililowekwa mahali pa mgeni rasmi. Mbele yangu, mstari wa pili, alikuwepo jamaa mrefu tulimwita Twiga. Niliona shingo yake ikibadilika rangi. Afu ikaanza kuyumba, kidogo sana, kama mlingoti wenye upepo. Hakukunja goti, hakujishika popote, alidondoka mzima mzima kama ubao, kofia ikatangulia. Sauti ya ile kofia kugonga ardhi ninayo mpaka leo.

Afande akatembea polepole mpaka pale, akamwangalia, akasema kwa Kiingereza chake cha jeshi: "This one has passed out before passing out."

Kikosi kizima kimya. Nusu yetu hatukuelewa, nusu nyingine tuling'ata midomo maana ukicheka kwenye mguu sawa unajua unakokwenda.

Yaani jibu la swali la mpwa wangu nililipewa nikiwa na miaka ishirini, limelala chini mbele yangu na mchanga puani, na nikalisahau. Nikabaki na maana ile tamu tu, ya bendi na wazazi.

(Twiga alikuwa mzima, walimmwagia maji akaamka akauliza kama gwaride limeisha. Baadaye afande akatufundisha, ukisimama muda mrefu usikaze magoti, na chezesha vidole vya miguu ndani ya buti, maana damu inashuka miguuni inagoma kurudi kichwani. Hata Walinzi wa Mfalme kule London inawakuta, Juni 2023 kwenye mazoezi ya gwaride lao askari kadhaa walidondoka mbele ya Prince William, kwenye joto la kama nyuzi 30 na zile kofia zao za manyoya ya dubu. Nilipoiona ile video nilijikuta nachezesha vidole.)

Kwenye ngazi za Sandhurst

Basi nikaanza kufukua. Mke wangu akawa ananiita mtafiti.

Kamusi za Kiingereza cha Uingereza zinazo maana zote mbili, kuzimia ipo, na kumaliza mafunzo ya jeshi au polisi ipo, imewekewa alama kwamba ni ya Waingereza. Nilifurahi nikapiga meza. Mmarekani hanayo ile ya pili, anayo ya kuzimia, halafu anayo nyingine ya kugawa vitu, ku-pass out karatasi ni kuzigawa, mhudumu wa kanisa anapita safu kwa safu anagawa na hakuna anayeanguka. Niliijaribu mashine ya tafsiri ya kwenye simu, nikaiandikia kwa Kiingereza kwamba askari wapya wali-pass out baada ya mafunzo, ikaniletea kwamba walizimia. Wote.

Kule Sandhurst, chuo cha maofisa wa jeshi la Uingereza, gwaride likiisha wahitimu wanapanda ngazi za jengo linaloitwa Old College wanapotelea mlangoni, na nyuma yao ofisa mmoja anazipanda ngazi hizo hizo akiwa juu ya farasi. Ndo kutoka kwenyewe huko, japo kwa macho yangu mi naona wanaingia.

Na India, kwenye chuo cha kijeshi cha Dehradun kilichoanzishwa 1932 Mwingereza akiwa bado yupo, vijana wanavuka kizingiti cha jengo la Chetwode na ile hatua moja wana jina lake kabisa, Antim Pag, hatua ya mwisho. Hapo nilisimama kidogo. Maana neno pass ukilifuata nyuma kabisa mpaka Kilatini unalikuta ni passus, na passus ni hatua. Wahindi wamelichukua neno la mkoloni wakalirudisha kwenye mguu lilikotoka, sidhani hata kama walikusudia.

Kwetu lilikujaje ni rahisi kuona. Mwingereza aliviunganisha vikosi vyake vya huku 1902 vikawa King's African Rifles, na jeshi lile lilituachia kuruti, depo, koplo, sajini, maneno tunayaona ya kwetu kabisa. Pass out ilitembea na buti hizo hizo. Ndo maana Mkenya akikwambia mdogo wake ana-pass out kesho pale Eldoret huulizi hospitali gani. Mnaijeria hivyo hivyo, wao wana utumishi wa vijana toka 1973, ukimaliza chuo kikuu unautumikia mwaka mmoja na siku ya mwisho ni Passing Out Parade, wanaiita POP kwa kifupi na picha zake zinajaa mitandaoni.

Kwa hiyo ukikusanya Wahindi, Wanaijeria, Wakenya na sisi, huyo mama wa upole ndo yuko peke yake chumbani.

Nikamwambia dogo hivyo. Akanijibu, "Sawa Anko, ila kazi anayo yeye."

Nusu haki

Na kingine, nilipotulia nikasoma tena kamusi bila hasira, nikaona hata huko Uingereza sijasalimika. Imeandikwa jeshi. Imeandikwa polisi. Hakuna mahali imeandikwa chuo kikuu. Ile ya kusema mtu ka-pass out chuo kikuu ni ya Wahindi zaidi, wao mtu ni "2019 pass-out" na maisha yanaendelea. Mi nilichukua neno la uwanja wa gwaride nikamvalisha kijana aliyesomea biashara, ambaye hajawahi kushika hata bunduki ya mbao.

Kwa hiyo je, nilikosea?

Nimekwenda na kurudi kwenye hili swali wiki kama tatu. Kuna asubuhi naamka nasema nilikosea, barua inaandikwa kwa lugha ya anayeisoma. Jioni nasema hapana, lugha ni ya wanaoiongea na sisi tunaongea, nani kampa mtu mmoja rungu. Shule tulivalishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili, tukajifunza Kiingereza kwa kuogopa, afu ukubwani unaambiwa hicho ulichokiogopa wala sicho.

Walau wenyewe wanajua ni mtego. Samuel Johnson, yule aliyewatungia Waingereza kamusi kubwa mwaka 1755, kwenye dibaji alishaandika kwamba hivi vitenzi vinavyogeuzwa maana na kijineno cha nyuma ndivyo vinavyowatesa wageni kuliko kitu kingine. Na mpaka hapo havikuwa na jina! Hili la phrasal verbs lilizoeleka baada ya Logan Pearsall Smith kulichapisha 1925, akasema amelipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford. Miaka 170 mgonjwa anaumwa ugonjwa hauna jina.

Auti mbili

Kilichonituliza kidogo ni umeme. Tabata mnaijua. Usiku mmoja ukakatika niko na hizi karatasi zangu, na kwenye lile giza likanijia.

Hizo auti ziko mbili. Moja ni ya mlango, unatoka nje, unaondoka, kuruti anavuka kizingiti anakuwa askari. Nyingine ni ya taa. Kwa Kiingereza taa nayo inakwenda auti, mshumaa auti, bondia akipigwa vizuri auti, na mtu akizidiwa na jua auti. Neno ni moja kwa macho tu.

Na sisi tumefanya nini? Sisi tumesema kuzima. Taa imezima, simu imezima, mlevi amezima pale kwenye kona ya baa, na Twiga alizimia. Sikuwahi kuona hiyo taa ndani ya kuzimia mpaka siku umeme ulipokatika. Halafu ongezea balaa, kijana wa Dar akimwambia binti "nimekuzimia" hakuna anayetafuta maji ya kummwagia, kapenda tu. Na mtu mzima ni mtu mwenye afya. Mzima hajazima. Eti afu mgeni aje ajifunze hayo kwa miezi mitatu.

Nitakupitia saa mbili

Tuliwahi kuwa na mgeni, dada wa Kiholanzi, alikuja kujitolea, akakaa kwetu miezi mitano. Kiswahili alijifunzia kwao kwenye kitabu na alikuwa anajua kupita ni kupita, na kupitia ni kuisoma kitu upya, kupitia ripoti. Sasa siku moja nikamwambia kwa nia njema kabisa, kesho nitakupitia saa mbili asubuhi. Nilikuwa na pikipiki yangu hii hii, nilitaka nimpeleke kituoni.

Asubuhi nimefika namkuta kakaa sebuleni na madaftari yake yote, na cheti cha chanjo, na pasipoti. Alidhani nakuja kumkagua.

Tulicheka mpaka basi, yeye naye akacheka, na ndo naona tofauti na ile ya dogo, pale hakuna aliyekuwa na kazi ya kumpa mwenzake au kumnyima. Kosa lake lilikuwa kichekesho cha chai. Kosa la mpwa wangu lilikuwa mshahara.

Baadaye yule dada alianza kukusanya pita zetu kwenye daftari. Alishangaa kwamba bunge linapitisha bajeti na mtu anapitisha siku na njaa. Kwamba mgombea anapita bila kupingwa, fasheni inapitwa na wakati, na mzee anayesinzia kwenye kiti "kapitiwa". Kapitiwa na nini, akauliza. Na usingizi. Yaani usingizi ndo unatembea, yeye ndo barabara? Nikamwambia ndiyo, hivyo hivyo, na hapo hapo nikaona nimesema kitu ambacho sijawahi kukifikiria. Na akizimia je, kapitiwa na nini? Nikamwambia kunywa chai.

Wao wanaweka kijineno nyuma. Sisi tunachomeka silabi tumboni. Mgeni anaanguka kote kote.

Hitima ya Tanga

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga, baba yake rafiki yangu alifariki, nikakaa mpaka siku ya hitima. Mi siyo Mwislamu ila nimeshakaa mikeka mingi. Nimeketi kwa nyuma, msomo unaendelea, ubani, watoto wa chuo wamepangwa mbele na kanzu zao, na mzee aliyekaa karibu yangu akaninong'oneza akimwonyesha mmoja wao, kijana wa kama miaka kumi na miwili.

"Yule mjukuu wake marehemu. Kahitimu mwezi jana tu, babu yake alimshuhudia."

Kahitimu. Maana yake kaumaliza msahafu. Na sisi tumekaa pale kwenye hitima.

Nilikuwa na hilo neno mdomoni maisha yangu yote, nimelikuta kwenye kadi za mwaliko, kwenye mabango ya mahafali, kwenye barua ya dogo tuliyoitafsiri, na sikuwahi kuliweka karibu na lile la msibani. Ni ukoo mmoja, limetoka Kiarabu, kumaliza, kutia mhuri. Mtoto anahitimu, babu anasomewa hitima, hotuba inahitimishwa. Nikajikuta natabasamu msibani, nikainamisha kichwa haraka mzee asinione.

Nilitaka kumpigia dogo simu pale pale nimwambie unaona, hata sisi, wangetutafsiri neno kwa neno tungeonekana tumemzika mhitimu. Sikupiga. Ukiwa mkekani hupigi simu, na isitoshe nilianza kuhisi kwamba dogo hili jambo ameshalimaliza zamani, mi ndo nimebaki nalo.

Na kweli alikuwa amelimaliza. Wiki ile ile alipata kazi Kariakoo, duka la jumla la vifaa vya simu, anapokea oda za mtandaoni anazipanga na bodaboda. Kwenye barua yake, niliiona kwa bahati tu, aliandika kwa Kiswahili mwanzo mwisho, na kwenye ile sehemu ya elimu kaweka "nimehitimu". Hakuniomba nimpitie hiyo barua. Sikuuliza.

Juzi Ijumaa saa nne usiku nimeshavua viatu, simu ikalia, meseji yake.

"Anko samahani nimepitiwa kwenye gari, nimepitiliza mpaka Segerea mwisho na buku sina. Kama hujalala nipitie."

Nikaisoma mara mbili. Afu nikachukua funguo za pikipiki.